Usiku Mmoja Ziwani: Tulivyompeleka Bi Harusi Wetu Kampala



Wanaonijua wanajua kwamba mimi ni mtoto wa Wete niliyeolewa Singida. Singida ni mji wa mawe, upepo na alizeti. Ukitoka Pemba ukaletwa huku, kitu cha kwanza unachokitafuta ni maji, na maji yapo: Ziwa Singidani upande mmoja, Ziwa Kindai upande mwingine. Ni maziwa madogo, na maji yake ni ya chumvi. Mwaka wangu wa kwanza wa ndoa nilikuwa nikienda jioni kukaa ukingoni mwa Singidani, nikawatazama korongo na heroe, nikanusa ile harufu ya chumvi na kujidanganya kwamba niko kwetu.

Leo nataka kuwasimulia safari tuliyoifanya Agosti mwaka jana, kutoka Singida hadi Kampala, kwa gari na kwa meli ya usiku ya Ziwa Victoria. Nitawaeleza tulivyoipanga, maana najua wengi wenu ni mabi harusi watarajiwa, na wengine mtaolewa mbali. Lakini kuna jambo moja katika kuipanga ambalo nilimkosea mama yangu, na nimeona si haki kuwapa orodha ya mizigo nikaliacha hilo.

Safari yenyewe

Mdogo wangu wa mwisho alisoma Uganda, na huko ndiko alikopata posa. Mume ni kijana wa Kampala, mtu wa dini na kazi yake. Nikahi ilifungwa kwetu Wete, kaka yetu akiwa ndiye walii, kwa kuwa baba alishatangulia mbele ya haki. Bwana harusi akarudi kazini. Ikakubaliwa kwamba bi harusi atapelekwa kwake na watu wake baada ya wiki sita, hati zake zote zikiwa tayari.

Mama akasema hatampeleka mwanawe kwa ndege kama kifurushi. Anataka kuiona njia. "Nikimkumbuka," alisema, "nijue nimkumbuke kupitia wapi." Basi wakaja kwangu: mama, kaka na bi harusi. Walipanda ndege kutoka Pemba hadi Dar es Salaam, wakachukua treni ya SGR hadi Dodoma, na kutoka Dodoma wakapanda basi hadi Singida. Kutoka hapa, mume wangu ndiye angeendesha. Tuna Noah, si mpya, lakini ya kuaminika. Tulikuwa sita pamoja na binti yangu wa miaka minne, na sanduku la bi harusi, ambalo kwa uzito wake ningelihesabu kuwa mtu wa saba.

Daftari

Mume wangu anafanya biashara ya mafuta ya alizeti, amezoea barabara, na kila safari yake huianza na daftari. Akanipa daftari jipya, akaniambia, "Mama Nasra, andika. Tusiandike kwa kumbukumbu."

Ukurasa wa kwanza uliandikwa HATI. Mtanzania haombi viza kuingia Uganda, lakini pasipoti lazima awe nayo, na mtoto naye awe na yake. Msidhani mtoto anapita kwa mgongo wa mama. Kila mmoja na kadi ya chanjo ya homa ya manjano. Chanjo hiyo ukichoma mara moja inakutosha maisha, ila kadi huanza kuhesabiwa siku 10 baada ya sindano, kwa hiyo usiende kuchoma jioni ya kuamkia safari. Bi harusi alibeba na cheti cha ndoa, asili na vivuli viwili. Nawashauri mabi harusi wote: cheti chako kikae kwenye mkoba wako wewe, usikiweke kwenye sanduku wala usimpe mtu akutunzie.

Ukurasa wa pili, GARI. Kadi ya gari ya asili. Leseni ya dereva. Bima ya kuvuka mpaka, ile inayoitwa Kadi ya Njano ya COMESA, ambayo unaikata kwa kampuni ya bima kabla ya kuondoka. Tairi la akiba, jeki, pembetatu mbili, kizima moto. Kama gari si la jina lako, uwe na barua ya mwenye gari. Na la kutia moyo kwa wanaoogopa: Uganda wanaendesha upande wa kushoto kama sisi.

Ukurasa wa tatu, NJIA. Singida, Misigiri, kisha Mlima Sekenke, ule mteremko wa Iramba ambao madereva wa malori wanautaja kwa heshima. Ukiushuka unaingia tambarare la Wembere, Shelui, Igunga, Nzega. Tinde njia zinagawana. Wa Rwanda wanakwenda Kahama, sisi tunashika Shinyanga hadi Mwanza. Ni zaidi ya kilomita 400, mwendo wa siku nzima ukisimama kuswali na kula kwa utulivu. Sharti la mume wangu lilikuwa moja: hatuendeshi usiku. Akalipigia mstari mara mbili.

Ukurasa wa nne, SWALA, nitaueleza mbele. Wa tano, MIZIGO. Wa sita niliandika ZIWA, nikauacha mtupu.

Ukurasa mtupu

Kutoka Mwanza kwenda Bukoba kuna njia mbili. Unaweza kulizunguka ziwa kwa gari. Zamani hiyo ilimaanisha foleni ya kivuko Kigongo, lakini tangu Juni 2025 daraja la Kigongo–Busisi limefunguliwa, kilomita 3 juu ya maji, na sasa unapita moja kwa moja kwenda Sengerema, Geita, Chato, Muleba hadi Bukoba. Au unapanda meli usiku Mwanza, unalala, unaamkia Bukoba.

Mimi nilishaamua. Daraja lipo, meli ya nini?

Sunna ya safari ni kwamba mkiwa watatu au zaidi mchague kiongozi wenu. Tulimchagua kaka. Usiku huo tulikuwa tumekaa kwenye jamvi baada ya Isha, chai ya tangawizi katikati, nami nikawasomea daftari kurasa zote. Nilipofika kwenye ziwa nikasema kwa haraka, "Hapa tunapita darajani," nikafunua ukurasa.

Mdogo wangu akasema, "Mimi naomba meli."

Tukamtazama. Bi harusi hana kawaida ya kuomba kitu.

"Garini tumejaa," akasema. "Kila neno linasikika mbele na nyuma. Mimi nataka usiku mmoja na mama, kabla sijafika. Meli ina vyumba vya kulala. Usiku mmoja tu."

Nikamjibu mimi, kabla hajajibu mtu mwingine. Nikasema, "Mama hawezi meli. Unajua hivyo. Usimtie mama majaribuni."

Kaka akaniuliza, "Mama mwenyewe kasema?"

Nikanyamaza. Mama alikuwa anavuta tasbihi yake. Akafika mwisho wa duru, akaiweka mapajani, akasema, "Mimi sijaulizwa."

Usiku ule wa Septemba

Wasomaji wa Pemba hawahitaji kuelezwa. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011, MV Spice Islander ilizama karibu na Nungwi ikitoka Unguja kuja Pemba, imebeba watu kupita uwezo wake. Ilikuwa siku chache baada ya Idi, na wengi walikuwa wanarudi makwao. Walikufa mamia. Mimi nilikuwa na miaka 14. Nakumbuka kipaza sauti cha msikiti alfajiri, na namna watu walivyokuwa wakitembea haraka bila kusema. Mke wa mwalimu wetu wa chuoni alikuwa ndani, alikwenda kumtazama mwanawe Unguja. Yeye ndiye aliyenifundisha kushika juzuu bila kuikunja. Hakurudi.

Tangu hapo sikupanda tena chombo cha usiku. Nilipoolewa nilitoka Pemba kwa ndege. Na kila mama aliposafiri, mimi na kaka tulimkatia tiketi ya ndege, nami nikiwaambia watu kwa miaka yote hiyo: mama yetu hawezi meli, tangu ule mwaka.

Na ziwa nalo lina yake. MV Bukoba ilizama tarehe 21 Mei 1996, njia hii hii, ikitoka Bukoba kuja Mwanza, na mamia ya watu wakapotea. Nilikuwa nimeyasoma hayo yote kwenye simu usiku wa manane, mume wangu akiwa amelala, na ndiyo maana ukurasa wa sita ulikuwa mtupu.

Mama akasema, kwa sauti ya kawaida kabisa:

"Mimi nilipanda ndege kwa sababu nyinyi mlinikatia ndege. Niliona mnaogopa, nikanyamaza ili roho zenu zitulie. Lakini babu yenu alikuwa mtu wa jahazi, na mimi nimelelewa na maji. Hofu ni yako, mwanangu. Kuogopa si vibaya, ulikuwa mtoto na uliyaona. Vibaya ni kuivua ukanivisha mimi."

Sikuwa na la kusema. Nililia kidogo, na mume wangu kwa adabu yake akatoka kwenda kutazama tairi ambazo alishazitazama.

Mama akaendelea, "Yule Bedui aliyemwuliza Mtume, swalla Allahu alayhi wasallam, kuhusu ngamia wake, aliambiwa amfunge kwanza, kisha ategemee. Basi wewe unayeogopa, ndiwe utakayefunga ngamia. Andika huo ukurasa."

Kumfunga ngamia

Basi nikauandika. Na nataka kuwaambia, dada zangu, kwamba hofu ikipewa kazi hupungua makali.

Kwanza, mpango wa gari. Hatukutaka kuendesha usiku wala kumwacha mama abebe mizigo. Kwa hiyo tulikubaliana tulale Mwanza usiku wa kwanza. Asubuhi ya pili mume wangu aondoke peke yake na gari na mizigo, apite darajani, afike Bukoba mchana, alale. Sisi tupande meli usiku wake, naye atupokee bandarini asubuhi ya tatu. Kaka akawa nasi melini, mahram wetu sote: wa mama, wangu na wa bi harusi.

Pili, meli. Iliyokuwa ikifanya safari hiyo ni MV Victoria, chombo cha mwaka 1961 kilichofanyiwa ukarabati mkubwa na kurudi majini 2020, chenye uwezo wa abiria 1,200. Kuna vyumba vya vitanda na kuna madaraja ya viti. Tulikata tiketi mapema, vyumba viwili, na nikahakikisha kila jina limeandikwa kama lilivyo kwenye kitambulisho, hata la binti yangu. Jambo hili msilidharau. Mtu asiye kwenye orodha ya abiria, siku ya shida hatafutwi kwa jina.

Tatu, niliandika ya kutazama nikishapanda: jaketi okozi ziko wapi na za watoto ni ngapi, ngazi ya kutokea iko upande gani, mashua za dharura ziko wapi. Niliazimia kwamba nikiona watu wamejaa hadi kwenye ngazi, tunashuka, tiketi ipotee. Kaka kama kiongozi alikubali sharti hilo mbele ya wote. Kukubaliana nyumbani kunasaidia, kwa sababu ukiwa gatini, na watu wanakusukuma na mizigo, ni vigumu kuwa wa kwanza kusema tushuke.

Nne, mavazi. Hili ni letu wanawake. Buibui linaloburura chini ni hatari kwenye ngazi za chuma. Tulivaa yanayoishia kifundoni, suruali pana ndani, viatu vya kufunga vyenye soli isiyoteleza. Mtandio wa kubana na pini, maana upepo wa sitahani hauna haya. Jaketi okozi lijaribuni juu ya buibui mkiwa chumbani. Mimi nilijaribu nikaona kamba inafika vizuri, nikalala kwa raha zaidi. Anayevaa nikabu ajue kwamba mpakani ataombwa aonyeshe uso ulinganishwe na pasipoti. Omba ofisa mwanamke, useme kwa upole na mapema.

Tano, tumbo. Tangawizi ya kutafuna, ndimu, na chakula chepesi. Nilikaanga kuku wa kienyeji wa Singida wawili, mama akatengeneza mkate wa kumimina jikoni kwangu, na kaka akabeba tende. Mlenda wangu niliouzoea huku mama aliuonja kwa heshima akasema tuuache nyumbani.

Ukurasa wa swala

Sisi wa madhehebu ya Shafi tunafuata hivi, na mwenye shaka amwulize shekhe wake. Safari ya halali inayofika kama kilomita 80 na zaidi inaruhusu kupunguza: Adhuhuri, Alasiri na Isha zinakuwa rakaa mbili mbili. Magharibi na Alfajiri hazipunguzwi. Ruhusa inaanza ukishaziacha nyumba za mji wako. Sebuleni bado wewe ni mwenyeji. Nia ya kupunguza unaileta pale unapohirimia swala. Na unaweza kukusanya Adhuhuri na Alasiri, au Magharibi na Isha, kwa wakati wa ya kwanza au wa ya pili.

Siku ya kwanza tuliswali Adhuhuri na Alasiri msikitini njiani kabla ya Shinyanga. Siku ya meli tulikusanya Magharibi na Isha Mwanza, kabla ya kwenda bandarini, ili tusihangaike na udhu katikati ya msongamano wa kupanda. Kibla huku kwetu kiko kaskazini, ukiegemea kidogo mashariki. Simu inaweza kuzimika, basi lijueni na la kichwani.

Jambo jingine: bi harusi alikuwa na wasiwasi kuhusu siku zake kuangukia safarini. Tulihesabu pamoja kwenye kalenda, na mkoba wake tukauandaa kwa vyovyote vile. Msione haya kuliandika kwenye daftari. Ni katika kumfunga ngamia.

Usiku wenyewe

Tuliondoka Singida baada ya swala ya Alfajiri, mama akisoma dua ya kipando kwa sauti nasi tukiitikia. Sekenke tuliishuka taratibu nyuma ya lori la mahindi. Wembere ilikuwa kavu na ng'ombe wengi, na bi harusi aliyezoea mikarafuu akauliza kama nchi hii ina mwisho. Mwanza tulifika jua likizama nyuma ya mawe.

Usiku wa pili, bandarini, nilitembea nyuma ya mama. Alishika reli kwa mkono wa kulia, akasema bismillahi, akapanda ngazi kama mtu anayerudi nyumbani kwake. Mimi nilisimama chini. Binti yangu akanivuta mkono. Nikapanda.

Nilifanya kila nililoliandika. Nilihesabu jaketi. Nilitazama ngazi. Watu walikuwa na nafasi ya kupita. Nikamweleza mfanyakazi mmoja wa melini kwamba mimi ni Mpemba, akanielewa bila maelezo zaidi, akanionyesha kila kitu mara ya pili.

Mama na bi harusi wakaingia chumba kimoja, mimi na binti yangu chumba cha pili. Kaka akakaa kwenye kiti nje karibu na ujia. Meli ikaondoka, taa za Mwanza zikapungua, na kupitia ukuta nikaanza kuwasikia. Sikusikia maneno. Nilisikia sauti tu: ya mama, ndefu na ya polepole, kisha ya mdogo wangu, fupi. Kuna wakati walicheka. Kuna wakati palikuwa kimya muda mrefu. Nilipoolewa mimi, nilipewa maneno ya somo na ya mama katika chumba kilichojaa wanawake, vigelegele na udi, nami sikukumbuka hata nusu. Yeye alipewa usiku mzima, na mimi nilikaribia kumnyima kwa jina la mtu ambaye sikumwuliza.

Sikulala sana. Lakini sikulala kwa kuogopa nusu ya usiku tu; nusu ya pili nilikaa macho kwa sababu sikutaka sauti zile ziniishie.

Alfajiri ya huku inachelewa kama nusu saa kuliko ya Pemba, basi mama aliyeamka kwa saa yake ya mwilini alisubiri. Alitawadha, akanong'ona, "Bahari nzima haina chumvi." Nikakumbuka Singidani yangu: ziwa dogo la chumvi, na hili kubwa tamu. Meli ilikuwa inaelekea kaskazini-magharibi, kibla kikawa upande wetu wa kulia, mbele kidogo. Tukaswali chumbani, bega kwa bega, pakiwa padogo hata kusujudu tukapokezana.

Bandarini Bukoba mume wangu alikuwa amesimama na chupa ya chai. Alinitazama usoni kwanza, kisha akatazama mizigo.

Kampala

Kutoka Bukoba hadi Mutukula ni kama kilomita 80. Kituo cha mpakani ni cha pamoja, Watanzania na Waganda chini ya paa moja, na hati zetu zikiwa zimepangwa kwa mpangilio wa daftari hatukukaa sana. Gari lilipewa kibali chake. Sanduku la bi harusi lilifunguliwa. Ofisa wa kike akanusa udi, akafunga, akasema hongera. Baada ya hapo ni zaidi ya kilomita 200: Kyotera, Masaka, Lukaya. Tulipofika mstari wa Ikweta, Kayabwe, mume wangu alisimamisha gari na kaka akapiga picha mama akiwa na mguu mmoja kila upande wa dunia.

Wakwe walitupokea vizuri mno. Wasichana wa nyumba ile walipiga magoti kumsalimia mama, kama ilivyo desturi ya Waganda, naye mama akawa anawainua mmoja mmoja kwa mikono miwili, akisema "simama mwanangu, simama," mpaka mama mkwe akacheka na kumweleza kwamba hiyo ni heshima yake, aiache ifike.

Kesho yake tulikwenda nyumbani kwa bi harusi mwenyewe, vyumba viwili na jiko dogo. Tulitandika mkeka aliotoka nao Wete. Wakati wa Adhuhuri ukaingia, mume wake na kaka wakaenda msikitini, sisi wanawake tukaswali hapo. Mama alisimama katikati yetu akatuswalisha. Kabla ya kuhirimia aligeuka, akasema lile neno ambalo imamu msafiri huwaambia wenyeji: sisi ni wasafiri, anayekaa hapa akamilishe.

Nilidhani anasema kwa mazoea tu. Tukaswali rakaa mbili. Mama akatoa salamu kulia na kushoto, nami nikatoa. Mdogo wangu hakutoa. Aliinuka peke yake, akasimama kwa rakaa ya tatu.

Mama aliinamisha kichwa, akashika ncha ya kanga yake akafuta macho, na wala hakuharakisha kuvuta tasbihi. Tulikaa hivyo, sisi wasafiri, tukimsubiri mwenyeji wetu amalize swala katika nyumba yake.

Tulirudi njia ile ile. Ziwa tulilivuka tena usiku, mara hii chumba kimoja mimi na mama. Mlango ulipofungwa akaniuliza, "Haya, wewe ulipoolewa nilikwambia nini?" Nikasema sikumbuki, kulikuwa na kelele. Akasema, "Basi sogea."

Allah awajaalie mabi harusi wetu walio mbali makazi yenye utulivu, awape mama zetu afya, na awarehemu waliokwenda na maji, wa bahari na wa ziwa. Na ukipanga safari na mama yako, mpenzi msomaji, muulize mwenyewe.

Maa salaama.